Matangini: Safari ya Kuyafuata Maji Kinyume

Majina ya vitongoji vya Dar es Salaam hayakutungwa ovyo. Mwembechai humkumbusha mtu mwembe na birika la chai, Mtoni humkumbusha mto, na mara nyingi kilicholeta jina hutoweka au husahauliwa, jina likabaki peke yake midomoni mwa makondakta. Huko Kimara, kandokando ya Barabara ya Morogoro, ipo sehemu iitwayo Matangini. Jina hilo huitwa mara mia kwa siku, na sidhani kama katika abiria kumi yuko mmoja anayekumbuka kwamba linataja kitu cha kweli: matangi ya maji, yaliyowekwa pale juu kwa sababu pale ndipo ardhi iliponyanyuka kabla ya kuteremka kuelekea baharini.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale tisa. Nimepita Kimara miaka mingi bila kujiuliza. Kilichonipeleka huko kwa makusudi kiangazi kilichopita kilikuwa ni ugomvi wa mtaani kwetu.

Mtaa wetu uko mteremkoni, nyuma ya barabara hiyo hiyo ya Morogoro. Bomba tunalo, lakini maji huja kwa zamu, na yanapokuja huwafikia kwanza walioko bondeni. Kaya ishirini na tano zilichanga fedha ili tununue tangi la pamoja la lita 5,000. Kuchanga hakukuwa na ugumu. Ugumu ulianza pale tulipouliza tangi liwekwe wapi. Fundi mmoja alisema alisimamishe bondeni, karibu na barabara, juu ya jukwaa la mirunda lenye kimo cha mita tatu. Wengi waliafiki, maana pale ndipo bomba lina nguvu. Aliyenyamaza ni bibi mmoja mjane, ambaye nyumba yake ndiyo ya juu kabisa. Kwake maji hufika saa nane za usiku tu, wakati mji umelala na mabomba ya wengine yamefungwa. Kwa miaka mingi amekuwa akiamka saa hiyo kukinga ndoo zake. Kikao kilipokwisha aliniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe ndiye katibu. Kabla hamjajenga, nenda kaulize wanaojua." Basi nikaenda.

Nilipanda basi la mwendokasi Gerezani. Mtu akitaka kujua mji unavyopanda, heri apande basi lisilojaa, nami siku hiyo nilibahatika. Magomeni bado uko tambarare. Ukipita Urafiki, kwenye kiwanda cha nguo kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa ushirikiano na China, ndipo unapofikiri jinsi viwanda vinavyokunywa maji: uzi huchemshwa, nguo hupakwa rangi, husuuzwa, na kusuuzwa tena. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kungoja maji ya zamu. Lazima kiwe na akiba yake, kwa kazi na kwa moto, kwani pamba ikishika moto hakuna atakayeuliza kama leo ni siku ya mtaa gani kupata maji. Baada ya Ubungo njia huanza kupanda waziwazi, na basi hubadilisha sauti. Kufika Kimara Mwisho, ukigeuka nyuma, unaelewa kwa nini wahandisi walipachagua. Mji wote uko chini yako.

Eneo la matangi ya mji si mahali pa kuingia ovyo, wala sikuomba kuingia. Maji ya kunywa ya umma hulindwa, na ni haki yalindwe. Nilizunguka nje, kisha nikaketi kwenye benchi la mama muuza chai. Hapo nilimkuta mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mabomba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza ninatafuta nini. Nilipomweleza habari ya tangi letu na ugomvi wetu, aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," akasema, "kwanza mwondoe fikra kwamba tangi linaleta maji. Tangi halileti tone. Tangi linaleta usiku."

Sikumwelewa, naye akafurahi kwamba sikumwelewa, maana alipata nafasi ya kueleza. Pampu za mtoni, akasema, hazijui asubuhi wala jioni. Zinapenda kusukuma kiasi kile kile saa zote ishirini na nne, kwa sababu pampu inayowashwa na kuzimwa kila mara huharibika upesi, na bomba kubwa hali kadhalika. Lakini watu hawatumii maji hivyo. Watu huamka pamoja, huoga pamoja, hupika pamoja, na jioni hurudi kazini pamoja wakiwa na jasho. Kati ya pampu isiyolala na mji unaolala lazima kuwe na chombo cha kupokea maji ya saa nane za usiku na kuyatunza mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ndiyo kazi ya tangi la mji. Kazi ya pili ni kimo. Maji yaliyo juu yana nguvu bila pampu: kwa kila mita kumi za kimo, msukumo wake bombani ni karibu kilo moja kwa kila sentimeta ya mraba. Ndiyo maana matangi hutafuta vilima, na pasipo na kilima hujengewa miguu.

Kisha nikamuuliza swali ambalo nimekuwa nalo tangu utotoni: kwa nini matangi mengi ni ya mviringo?

Sina budi kueleza swali hilo lilikotoka. Nililelewa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwenye stesheni ndogo ya Reli ya Kati huko Ugogo, enzi za garimoshi za mvuke. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na ilipita katika nchi ambayo miezi saba ya mwaka haina tone la mvua. Injini ya mvuke hula kuni, makaa au mafuta, lakini kiu yake ya maji ni kubwa kuliko njaa yake, na stesheni isiyo na maji haikuwa stesheni bali mti wa kupumzikia. Kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani palikuwa na tangi juu ya nguzo, na bomba lenye shingo ndefu lililogeuzwa kuelekea injini. Tangi letu lilikuwa la chuma, la mviringo, na lilikuwa ndilo jengo refu kuliko yote tuliyoyajua. Kina mama kutoka vijijini walikuja na madebe kungoja yaliyomwagika. Sisi watoto tulilipiga kwa mawe kuanzia chini kwenda juu: penye maji lilitoa sauti nzito, na pasipo na maji lililia kama ngoma. Tuliweza kumwambia baba kimo cha maji kabla hajapanda ngazi, naye alitukanya kwa kulitia tangi alama, kisha akapokea habari.

Mzee wa Kimara hakunijibu kwa maneno. Aliomba kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga, akakiviringisha kuwa mfano wa pipa, akabana mwisho wake, akakisimamisha juu ya benchi na kukijaza mchanga. Kikasimama wima, hakikutikisika. Akachukua kipande kingine cha gazeti lile lile, akakikunja pembe nne kama kisanduku, akakijaza mchanga. Mara pande zote nne zikavimba kama mashavu ya mtoto anayepuliza moto, na pembe moja ikapasuka.

"Karatasi ni ile ile," akasema.

Msomaji mwenye watoto anaweza kuwafanyia jaribio hilo uani, na wataelewa kuliko kwa maelezo ya ubaoni. Maji yaliyotulia husukuma ukuta wa chombo sawasawa pande zote. Ukuta ulionyooka, ukisukumwa katikati, hupinda kama ubao wa kitanda, na pembe hubeba taabu ya kuta mbili. Ukuta wa mviringo haupindi, kwa kuwa hauna katikati. Unachoweza kufanya ni kuvutika tu, kama kanga iliyofungwa kiunoni, na kila sehemu hushikwa na jirani zake kwa nguvu sawa. Chuma ni hodari sana wa kuvutwa, na nondo ndani ya zege hupewa kazi hiyo hiyo. Umbo hilo, ambalo walimu wa hisabati hulita mcheduara na sisi wengine twaliita pipa, huhifadhi pia maji mengi kwa ukuta mchache kuliko umbo la sanduku. Wafinyanzi walilijua jambo hili zamani sana. Sijapata kuona mtungi wenye pembe.

Ni kweli kwamba matangi ya pembe nne yapo, na baadhi yetu tunayakumbuka kwenye stesheni, shule na hospitali: yale yaliyoungwa kwa vibao vya chuma vya mraba vyenye mikunjo, na kukazwa kwa boliti. Faida yake ni kwamba vibao husafirishwa vikiwa vimepangwa kama sahani, vikaunganishwa hata mahali pasipo na karakana. Lakini ukichungulia ndani utaona vyuma vilivyopitishwa toka ukuta hadi ukuta ili kuzuia mashavu yasivimbe. Pipa halihitaji hivyo.

Mzee alitaka nijue ukubwa wa nguvu hizo, tukapiga hesabu juu ya lile benchi. Chukua tangi la kawaida la mtaa au la kiwanda, lenye kipenyo cha mita 10 na kina cha maji cha mita 5. Ujazo wake ni karibu lita 392,000, yaani zaidi ya ndoo 19,000 za lita ishirini. Maji hayo yana uzito wa karibu tani 392. Sakafuni, kila mita moja ya mraba hubeba tani 5. Na ule mkanda wa chini wa ukuta, wenye kimo cha mita moja tu, huvutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 22, mchana na usiku, mtu asione chochote. Juu kabisa karibu na uso wa maji hakuna mvuto wowote wa kutajwa. Ndiyo maana tangi kubwa la chuma hujengwa kwa mabamba mazito chini na mepesi juu, na ndiyo maana kutu ya chini huogopwa zaidi kuliko kutu ya juu.

"Na tangi jipya," akasema mzee, "lijazwe maji pomoni, likae siku kadhaa, fundi akilizunguka. Hapo ndipo uanze kulilipia."

Aliposema hivyo nilikumbuka habari niliyowahi kuisoma, nikamsimulia. Katika mji wa Boston huko Marekani kulikuwa na tangi kubwa la chuma, lenye kimo cha mita 15 na kipenyo cha mita 27, la kuhifadhi molasi, yaani ule uji mzito mweusi unaobaki sukari inapotengenezwa. Wenye tangi walikuwa na haraka. Badala ya kulijaza maji kulipima, waliweka kina cha sentimeta 15 tu, wakaridhika. Mabamba yalikuwa membamba kuliko ilivyopasa. Lilivuja tangu mwanzo, na watoto wa jirani walikuja kukinga utamu uliodondoka. Tarehe 15 Januari 1919, adhuhuri, lilipasuka. Watu 21 walikufa na wengine 150 wakaumia, miongoni mwao wafanyakazi waliokuwa wakila chakula cha mchana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: kama fundi aliyelijenga alikuwa akikaa karibu nalo. Sikuweza kumjibu.

Ndipo akaniambia jambo ambalo lilibadilisha fikra zangu kuhusu bibi yetu wa mtaani. Watu hudhani, alisema, kwamba mwenye nyumba karibu na tangi la mji ndiye mwenye bahati. Sivyo. Maji hayapandi bila kusukumwa. Anayekaa sawa na kimo cha tangi, hata kama ukuta wa nyumba yake unapakana na uzio, hana kimo cha kumsukumia maji, na huweza kulisikia bomba kubwa likinguruma chini ya kitanda chake huku ndoo yake ikiwa kavu. Mwenye bahati ni aliye chini. Kwa hiyo anayepanga matangi na mabomba anapanga pia nani ataamka usiku na nani atalala.

Kutoka Kimara nilipanda daladala kwenda Mbezi, kisha Kibaha, kisha Mlandizi, nikiyafuata maji kinyume kama mtu anayemtafuta ng'ombe kwa kufuata nyayo zake kurudi zizini. Barabara ya sehemu hii imepanuliwa sana, na mgeni aliyeondoka miaka kumi iliyopita hataitambua. Sitakawia njiani. Mlandizi ndipo ulipo mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, ambao huyachota maji ya mto, huyatia shabu ili tope lishikane na kuzama, huyachuja, huyatia klorini, na kuyasukuma kwa mabomba kuelekea Kimara. Mwenzake, Ruvu Chini, uko upande wa Bagamoyo. Huo ulifunguliwa mwaka 1976 kwa msaada wa Kanada, na maji yake hupita njia ya pwani ya zaidi ya kilometa 50 mpaka matangi yaliyo karibu na Chuo Kikuu. Mji una visima pia, na mtambo mdogo wa zamani huko Mtoni, lakini kwa hakika Dar es Salaam ni mtoto wa mto mmoja.

Nilisogea mbele mpaka daraja la Ruvu. Mto huu huzaliwa milimani Uluguru, na msafiri anayeuona mara ya kwanza hushangaa: ndio huu? Kiangazi ni mto wa kahawia usio mpana, unaokwenda polepole kati ya matete kama mzee anayetoka sokoni. Kijana aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma aliniambia kwamba masika hauutambui, hutapakaa mashambani na kuonekana kama ziwa. Nilisimama hapo nikifanya hesabu nyingine.

Katika sensa ya mwaka 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Katika sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na watu 5,383,728. Mitambo hiyo miwili ya Ruvu imepanuliwa mara kadhaa. Ruvu Chini iliyokuwa na uwezo wa lita milioni 180 kwa siku ilifikishwa lita milioni 270, na Ruvu Juu kutoka lita milioni 82 hadi lita milioni 196. Jumla ni lita milioni 466 kwa siku mto unaporuhusu. Ukizigawa kwa watu wa sensa ya 2022, kila mmoja, mtoto kwa mkubwa, hupata lita 86, yaani ndoo nne na kidogo. Lakini katika hizo ndoo nne zimo pia za viwanda, hospitali, mahoteli, na za wenzetu wa Kibaha na Bagamoyo, na zimo zinazopotea ardhini kwa mabomba yanayovuja. Na mto hauruhusu kila siku. Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka kwa ukame, mgawo wa maji ukatangazwa, na watu wa mji huu wakarudi kuhesabu madumu.

Hapo darajani nilielewa ule msemo wa mzee kwa upande wake wa pili. Tangi huleta usiku, lakini haliwezi kuleta masika. Matangi yote ya mji, ya zamani ya Kimara na yale mapya yaliyojengwa juu ya vilima tangu mitambo ilipopanuliwa, yakijaa pomoni, ni akiba ya saa kadhaa. Mvua ya Aprili haiwezi kungoja humo mpaka Oktoba. Kazi hiyo ni ya bwawa. Mipango ya bwawa la Kidunda, juu zaidi katika mto huu huu mkoani Morogoro, ilizungumzwa kwa miongo mingi, na ujenzi ulianza mwaka 2023. Limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, ambazo ni zaidi ya siku mia nne za uwezo wa mitambo yote miwili. Nakiri kwamba nilipolinganisha tarakimu hizo na tangi letu la lita 5,000 niliona aibu kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba bibi yetu haamki usiku kwa ajili ya lita bilioni, bali kwa ajili ya ndoo kumi.

Nilirudi kwa daladala la jioni. Njia nzima nilitazama mapaa. Mtu akishaanza kuyaona matangi hawezi kuacha kuyaona: meusi ya plastiki juu ya nyumba za ghorofa, ya chuma katika viwanda, ya zege kileleni. Wazee watakumbuka pia yale ya vijijini. Mwaka 1971 chama cha TANU kilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Mwaka huo ulifika, lengo halikufikiwa, na vijiji vingi vikabaki na pampu iliyokosa dizeli na tangi tupu la mviringo ambalo watoto walilifanya ngoma. Siyasemi haya kwa dharau. Tangi tupu bado lilionyesha mahali ambapo maji yalikusudiwa yafike, na mara nyingi mafundi waliokuja baadaye walianzia hapo hapo.

Jumapili iliyofuata tulikutana tena. Niliwaeleza jambo la kwanza: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi letu likijaa litakuwa na tani 5. Je, kuna mtu aliye tayari kuegesha lori la tani 5 juu ya mirunda, mita tatu juu ya njia wanayopita watoto wakienda shule? Pakawa kimya. Fundi alisema amejenga majukwaa kama hayo mara nyingi, na mama mmoja akamwuliza ni mangapi yaliyosimama mvua tatu. Juu ya hayo, tangi la plastiki hutaka likalie sehemu iliyo tambarare na inayolishika tako lote. Likiwekwa juu ya magogo yenye nafasi katikati, tako lake hulegea pole pole na kuchanika.

Jambo la pili hatukulisema, tulilipima. Tuliazima mpira mwembamba wa maji ambao waashi hutumia kusawazisha kuta, ule unaoonyesha ndani, tukaujaza maji na kupanda nao mteremko hatua kwa hatua, kijana mmoja akiandika kwa chaki. Kutoka uani kwa bibi hadi bomba la nyumba ya chini kabisa ni mita saba. Jukwaa la fundi lilikuwa litupe mita tatu. Kilima kilikuwa kikitungoja siku zote na mita zake saba, bila gharama, bila mrunda hata mmoja.

Walibaki waliouliza kama maji yatafika kule juu. Bibi mwenyewe aliwajibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza kikaoni. "Yanafika," alisema. "Yanafika saa nane. Mimi nayajua."

Basi tangi lilikwenda uani kwake. Tulijenga msingi wa mviringo wa mawe na zege, kimo chake magoti, ili bibi aweze kuweka ndoo chini ya koki iliyo kwenye shina la tangi. Hatukusahau alichosema mzee wa Kimara: aliye sawa na tangi ndiye huachwa. Bomba la kutolea maji tuliliinua kidogo juu ya tako ili tope libaki chini, na chini kabisa tukaacha la kusafishia. Juu tuliweka bomba la kufurikia, na tundu la hewa lenye wavu wa kuzuia mbu. Tundu hilo lisizibwe kamwe, kwani maji yakitoka na hewa isipoingia, tangi hujikunja lenyewe kama pakiti ya maziwa inayofyonzwa. Mfuniko ni wa kufunga, maana mwanga huotesha ukungu wa kijani. Ndani ya tangi kuna boya: maji yakishuka, boya hushuka na kufungua bomba, yakijaa, hulifunga. Boya hilo ndilo sasa linaloamka saa nane.

Tulilijaza likakaa siku tatu, nami nikilizunguka kila asubuhi na jioni, jambo lililowachekesha majirani. Halikutoa hata jasho. Siku ya nne tulifungua koki ya bondeni, maji yakateremka mita saba na kujaza ndoo ya kwanza upesi kuliko nilivyotazamia.

Baada ya juma moja nilipanda kumjulia hali bibi. Nilimkuta akipepeta mchele. Nikamwuliza kama sasa analala vizuri. Akacheka, akasema mwili haujapata habari bado: saa nane ikigonga yu macho. Lakini hawashi taa, wala hatafuti ndoo. Huchukua fimbo yake, hutoka uani, hugonga tangi kuanzia chini kwenda juu, husikiliza mahali sauti inapobadilika, kisha hurudi kitandani.

"Jana ilikuwa hapa," alisema, akanionyesha kwa fimbo mkunjo wa sita wa tangi, juu ya kichwa chake.